Mama ana polimialjia na kisukari: je, anaweza kutibiwa bila steroidi?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 72, tunaishi Tanga. Kwa miezi kadhaa sasa anaamka mabega na nyonga zote mbili zimekakamaa. Hawezi kunyanyua mikono kujitanda mtandio, na akisujudu lazima mtu amwinue. Ikifika saa tano asubuhi anakuwa na nafuu kidogo. Hospitali wamesema ni polimialjia rumatika, wakataka kumwanzishia prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 20 kwa siku. Tatizo ni kwamba mama ana kisukari cha siku nyingi, ana presha ya macho, na mwaka jana alivunjika mkono karibu na kiganja kwa kuteleza tu uani. Aliwahi kupewa vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu, sukari ikapanda hadi 23, na tangu hapo hataki hata kuvisikia. Kwa sasa anameza diklofenaki, na jirani amemletea unga wa mitishamba ambao anasema unamsaidia sana. Mdogo wangu aliye Marekani anasema huko kuna sindano mpya ya ugonjwa huu ambayo si steroidi, na yuko tayari kuinunua. Je, mama anaweza kutibiwa bila steroidi? Ana kilo 52.

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza, na mfikishie mama shikamoo zangu.

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitika vya kutosha kushika nafasi ya steroidi tangu siku ya kwanza ya matibabu ya polimialjia. Lakini hofu ya mama ni ya haki kabisa, na kuikubali hofu hiyo hakumaanishi kumwacha na maumivu. Anaweza kupewa steroidi kidogo kuliko hizo miligramu 20, anaweza kuzipata kwa njia nyingine, na anaweza kuongezewa dawa itakayomsaidia kuziacha mapema. Kila moja ya sababu zake tatu, yaani sukari, macho na mifupa, ina namna yake ya kulindwa, na ulinzi huo huanza siku ileile dawa inapoanza. Nadhani mara ya kwanza alipewa vidonge bila mtu yeyote kumpangia sukari itafuatiliwaje. Ndiyo maana kumbukumbu aliyobaki nayo ni ile 23.

Kabla sijafika huko, kuna jambo moja la dharura. Polimialjia ina ndugu yake wa hatari, ugonjwa wa kuvimba kwa mishipa mikubwa ya damu, hasa ile ya kwenye panda la uso. Kati ya wagonjwa 10 wa polimialjia, mmoja au wawili huupata. Muulize mama leo, tena kwa maswali ya wazi. Ana maumivu mapya ya kichwa? Ngozi ya kichwa inauma akichana nywele? Taya zinachoka akitafuna nyama, mpaka apumzike ndipo aendelee? Ameona giza la ghafla kwenye jicho moja, hata kama lilipita, au anaona vitu viwili viwili? Likiwepo lolote kati ya hayo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hapo mjadala wa kukwepa steroidi hufungwa, kwa sababu jicho linaweza kupofuka moja kwa moja, na steroidi kwa dozi kubwa ndiyo inayoliokoa. Kisukari hakibadilishi hilo. Sukari iliyopanda hushushwa kwa insulini, lakini jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu kwa kawaida halirudi.

Kama hakuna dalili hizo, mna nafasi ya kupanga kwa utulivu. Ningeitumia kwanza kuhakikisha kwamba ugonjwa ni wenyewe. Polimialjia inajulikana zaidi kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya. Kwetu haionekani sana, kwa hiyo daktari makini huondoa kwanza yanayofanana nayo. Historia uliyonipa inaendana nayo vizuri: umri wa zaidi ya miaka 50, mwanamke, pande zote mbili, ukakamavu wa asubuhi unaozidi dakika 45. Lakini mtu mwenye kisukari cha muda mrefu huweza pia kupata bega lililoganda, wakati mwingine yote mawili. Dawa za kushusha lehemu, kama atovastatini, ambazo wagonjwa wengi wa kisukari wa rika lake hupewa, huweza kuumiza misuli. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, mwili wote huuma. Baridi yabisi inayoanza uzeeni nayo huweza kujifanya polimialjia kwa miezi. Na kwa huku kwetu ningetaka kujua kama mama hunywa maziwa yasiyochemshwa, maana homa ya brusela hushika nyonga na mgongo, na kama ana homa za jioni, kukonda au jasho la usiku. Hayo hunipeleka kwenye kifua kikuu au saratani, ikiwemo ile ya uboho inayoitwa mayeloma.

Vipimo vya kuyachambua haya si vya ajabu, na hospitali za rufaa nyingi vinapatikana. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, kwa kawaida huwa juu kwenye polimialjia, na vyote viwili vikiwa vya kawaida mimi husita. Kipimo cha misuli, CK, huwa cha kawaida. Kikiwa juu tunatafuta ugonjwa mwingine. Ongezeni picha nzima ya damu, figo, ini, kalsiamu, homoni ya tezi, vipimo vya baridi yabisi, VVU, homa ya ini B, na picha ya kifua. Hivi vya mwisho vina kazi mbili, kwa sababu dawa zote za polimialjia nitakazozitaja hushusha kinga ya mwili, na ni lazima tujue nini kimelala ndani kabla hatujakiamsha.

Sasa huo unga. Neno lako kwamba “unamsaidia sana” ndilo lililonisimamisha. Maumivu ya polimialjia ni magumu. Diklofenaki huyagusa juujuu tu, na dawa chache sana huyaondoa ndani ya siku mbili tatu, steroidi ikiwa ya kwanza. Baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya viungo vimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali vikakutwa vimechanganywa na deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki. Siwezi kusema kwamba huu wa jirani uko hivyo. Lakini kama mama amepata nafuu ya ghafla, uso unaanza kujaa, na sukari inapanda bila yeye kubadilisha chakula, basi huenda tayari anakula steroidi, tena kwa dozi isiyojulikana na mtu.

Msiutupe na kunyamaza. Pelekeni unga wenyewe kwa daktari na mwambieni umetumika tangu lini. Mtu aliyekaa na steroidi kwa wiki kadhaa, tezi zake za juu ya figo hulala. Akiziacha kwa ghafla huweza kulegea, kutapika na presha kushuka mpaka kuhatarisha maisha. Pia unga huo huweza kuwa umeshashusha ESR na CRP, na majibu ya maabara yakampotosha daktari.

Diklofenaki mimi ningeisitisha sasa. Mwanamke wa miaka 72 mwenye kisukari cha siku nyingi ana figo za kutunzwa, na dawa hiyo huumiza figo, hupandisha presha ya damu na huchimba vidonda vya tumbo, hasa ikiunganishwa na steroidi. Parasetamoli haitamaliza maumivu haya, lakini kwa siku chache za kusubiri vipimo ni salama zaidi.

Tuje kwenye dozi. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa viungo vya Ulaya na Marekani, uliotoka mwaka 2015, unataka mgonjwa aanzishiwe prednisoloni kati ya miligramu 12.5 na 25 kwa siku, na unasema wazi kwamba mwenye kisukari, mifupa dhaifu au presha ya macho aanzie upande wa chini. Kwa hiyo 20 aliyoandikiwa mama haiko nje ya mwongozo, lakini kwake yeye si ya lazima. Uzito wake nao unamsaidia. Utafiti mmoja wa Italia uliwaanzishia wagonjwa 60 miligramu 12.5, na takriban watatu kati ya kila wanne walipata nafuu kwa dozi hiyo. Waliofanikiwa walikuwa na uzito mdogo kuliko walioshindwa. Mtu wa kilo 52 ni mgombea mzuri. Kuanza na 7.5 au chini yake hakushauriwi, maana mara nyingi hakutoshi, na mgonjwa huishia kupata madhara bila kupata faida.

Vidonge vinavyopatikana kwa urahisi madukani kwetu ni vya miligramu 5, kwa hiyo 12.5 ni viwili na nusu, vyote kwa mkupuo mmoja asubuhi baada ya kifungua kinywa. Ndani ya wiki moja, au mbili kwa kuchelewa sana, mama anatakiwa aone tofauti kubwa, ya kiwango cha kuinuka sijida mwenyewe. Asipoiona, daktari aupitie upya utambuzi wa ugonjwa kabla ya kuendelea kupandisha dozi. Akiitikia, lengo ni kufika 10 ndani ya wiki 4 hadi 8, kisha kushuka miligramu moja kila wiki nne. Vidonge vya miligramu moja vikikosekana, njia ni kupishanisha siku, leo 10 na kesho 7.5, halafu 7.5 kila siku, na kuendelea hivyo. Safari nzima huchukua mwaka au zaidi, na wengi hupita miaka miwili. Ugonjwa kurudi njiani ni jambo la kawaida, na haina maana kwamba kuna aliyekosea.

Kuhusu sukari, nisome kwa makini hapa, kwa sababu ndipo mama alipoumizwa. Prednisoloni ya asubuhi hupandisha sukari kuanzia mchana mpaka jioni, na alfajiri huwa imeshashuka. Mgonjwa anayepima asubuhi tu kabla ya kula ataona 7, afurahi, kumbe saa kumi alasiri alikuwa 19. Apime saa mbili baada ya chakula cha mchana na tena kabla ya chakula cha usiku, kila siku kwa wiki mbili za kwanza, na majibu yaandikwe kwenye daftari. Daktari wake wa kisukari ajue tarehe ya kuanza kabla haijafika. Kama vidonge vya sukari havitoshi, insulini ya muda wa kati ikichomwa asubuhi hufuata mkondo uleule wa prednisoloni, inapanda nayo na kushuka nayo. Kisha, na hili husahaulika, kila steroidi inapopunguzwa na insulini nayo ipunguzwe, la sivyo atashuka sukari usiku. Ikiwa mama hufunga Ramadhani, mwaka huu azungumze na daktari mapema kabisa. Kisukari pamoja na steroidi ni udhuru wa kweli.

Mifupa yake inahitaji matibabu sasa, hata kama asingemeza steroidi. Kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, katika umri huo, kunaonyesha mifupa imeshadhoofika, na steroidi huimaliza haraka zaidi katika miezi ya mwanzo. Aulizie alendroneti ya mara moja kwa wiki, figo zikiruhusu. Huimeza asubuhi tumbo tupu kwa glasi nzima ya maji, kisha anakaa wima au kusimama nusu saa bila kulala wala kula, kwa sababu kidonge kikikwama huunguza koo. Vitamini D na kalsiamu viwepo pia. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu, na Tanga hamkosi. Macho yapimwe presha kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache, na asiache matone yake hata siku moja.

Kuna ulinzi mwingine ambao vitabu vilivyoandikiwa Ulaya huupitia kwa haraka, na mimi siwezi kuupita. Minyoo midogo aina ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu, huweza kukaa tumboni miongo mingi bila dalili. Steroidi zikishusha kinga, huzaliana na kusambaa mwili mzima, na hali hiyo huua. Kwa mtu aliyekulia ukanda wetu, ningempima au kumtibu kwa ivamektini kabla ya kuanza. Kifua kikuu nacho kitazamwe. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kisipuuzwe hata kidogo.

Kama mama atashikilia kwamba vidonge hataki, ipo sindano ya methiliprednisoloni ya msuli, miligramu 120, mwanzoni kila wiki tatu. Nayo ni steroidi, nisikufiche. Faida yake ilionekana katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998. Waliochomwa sindano walipata nafuu kama ya waliomeza vidonge, lakini jumla ya steroidi waliyopokea ilikuwa karibu nusu, hawakuongezeka sana uzito, na mifupa iliyovunjika ilikuwa michache. Sukari itapanda kwa siku kadhaa baada ya kila sindano, kwa hiyo upimaji ni uleule. Ninaipenda kwa mgonjwa anayesahau dawa au anayejiongezea dozi mwenyewe. Sharti ichomwe kliniki kwa ratiba. Sindano za viungo zinazochomwa dukani bila kumbukumbu ni jambo jingine kabisa, na zimeniletea wagonjwa wengi wenye sukari isiyoshikika.

Dawa ambayo ningeizungumzia mapema zaidi kwa mama yako ni methotreksati. Haiondoi maumivu wiki ya kwanza, hufanya kazi polepole kwa wiki kadhaa, na hutolewa pamoja na steroidi ili steroidi ishuke haraka na ugonjwa usirudi ovyo. Utafiti wa Italia wa mwaka 2004 kwa wagonjwa 72, kwa dozi ya miligramu 10 kwa wiki, ulionyesha kuwa waliopata methotreksati waliweza kuacha prednisoloni kwa wingi zaidi. Mwongozo wa 2015 unaitaja hasa kwa watu kama mama, wenye magonjwa mengine yanayofanya steroidi iwe mzigo. Ni ya bei nafuu ukilinganisha na sindano za kisasa, na haipandishi sukari.

Lakini ina masharti, na la kwanza ni la uhai: inamezwa mara moja kwa wiki, siku moja maalumu. Wapo waliofariki kwa kuimeza kila siku. Chagueni siku, tuseme Jumapili, iandikwe kwenye boksi kwa maandishi makubwa, na wewe ndiye umpe. Apewe asidi ya foliki siku nyingine. Damu, ini na figo vipimwe mara kwa mara, na figo zikiwa zimechoka kwa kisukari dozi ipunguzwe au dawa iachwe. Na popote atakapotibiwa, aseme “natumia methotreksati” kabla hajaandikiwa Septrin. Dawa hizo mbili zikikutana huweza kuua uboho wa mifupa, na Septrin kwetu hutolewa kwa urahisi mno.

Mdogo wako hajakosea. Mwezi Februari 2023 Marekani iliidhinisha sarilumabu, sindano ya chini ya ngozi ya kila wiki mbili inayozuia kiini cha uvimbe kiitwacho interlukini 6. Utafiti uliosababisha idhini hiyo ulikuwa na wagonjwa 118, wote wakiwa ni watu ambao ugonjwa ulirudi walipokuwa wakipunguza steroidi. Waliopata sarilumabu walipewa pia prednisoloni kwa wiki 14. Baada ya mwaka, asilimia 28 walikuwa wametulia mfululizo, ukilinganisha na asilimia 10 ya waliopata prednisoloni ya wiki 52 peke yake. Ni faida ya kweli, lakini utaona kwamba hata huko steroidi ilikuwemo, na ilijaribiwa kwa walioshindwa, si kwa mtu ambaye hajaanza matibabu.

Iliyokaribia zaidi lile unalolitaka ni tosilizumabu, dawa ya kundi hilohilo ambayo wengi waliisikia wakati wa UVIKO-19. Madaktari wa Ufaransa waliwapa wagonjwa 20 dripu tatu za dawa hiyo bila steroidi kwa wiki 12, na wote ugonjwa ulishuka vizuri. Kwangu hilo linaonyesha kwamba mlango upo. Ila ni watu 20, bila kundi la kulinganisha, na nafuu haikuja kwa kasi ya steroidi. Kama ningekuwa na mgonjwa ambaye steroidi haiwezekani kabisa kwake, hapo ndipo ningeanzia, akiwa kwenye hospitali kubwa. Rituksimabu, dawa nyingine ya kushusha kinga, ilileta matumaini katika utafiti mdogo wa Uholanzi. Dawa za kuzuia TNF, kiini kingine cha uvimbe, kama infliksimabu, zilijaribiwa na hazikusaidia, kwa hiyo mkiambiwa mzinunue, kataeni.

Kwa mama yako, leo, nisingeanza na sindano hizo. Zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na zinashusha CRP hata mwili ukiwa na maambukizi, hivyo mgonjwa huweza kuwa na nimonia na maabara ikaonyesha yuko salama. Bei yake nayo ni ya kumaliza mali ya ukoo, na dawa ni ya miezi mingi. Mpango wangu ungekuwa vipimo vile, prednisoloni 12.5 au sindano ya msuli, alendroneti, na methotreksati mapema figo zikikubali. Akishindwa kushuka chini ya miligramu 7.5 au sukari ikikataa kushikika licha ya insulini, aandikiwe rufaa kwa bingwa wa viungo, na hapo suala la tosilizumabu au sarilumabu lifunguliwe.

Mwambie mdogo wako asiinunue na kuituma. Inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka karibu na kutumika, na safari ya sanduku la ndege mpaka Tanga haiwezi kuhakikisha hilo. Na hata ikifika salama, hapatakuwa na daktari aliyeiandika wala anayefuatilia chembe nyeupe za damu yake. Akitaka kusaidia, alipie mashine ya sukari pamoja na vijiti vyake vya kutosha, vipimo vya mwanzo, na nauli ya kliniki kila mwezi.